Marathoni Huharibiwa Katika Wiki za Mwisho

Mkimbiaji anayejiandaa kwa marathoni, yaani mbio za kilomita 42.195, hutumia miezi mitatu hadi minne kuujenga mwili wake, na katika muda huo wote kanuni inayomwongoza ni moja: kuongeza umbali kidogo kidogo, ili miguu, moyo na mapafu vizoee kazi ambayo mwanzoni ilionekana haiwezekani. Zinapofika wiki tatu za mwisho kanuni hiyo hugeuka, kwa kuwa kinachotakiwa sasa ni kupunguza, na hapo ndipo wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki, hasa wale wa klabu za mitaani wasio na kocha wa kuwasimamia, wanapoiharibu wenyewe kazi waliyoifanya kwa jasho tangu mwanzo. Hoja ya makala haya ni kwamba kipindi cha kupunguza mazoezi ni sehemu kamili ya maandalizi, chenye taratibu zake na ugumu wake, na kwamba klabu, makocha na waandaaji wa mbio wanapaswa kukifundisha kwa uzito uleule wanaoutumia kuhimiza mbio ndefu za mwisho wa wiki.

Msingi wa jambo hili unaeleweka vizuri kwa kutumia maelezo yaliyotolewa mwaka 1975 na mtafiti Eric Banister na wenzake nchini Kanada, ambao walipendekeza kwamba kila zoezi huacha mwilini vitu viwili kwa wakati mmoja, uwezo na uchovu, na kwamba kiwango cha mwanariadha katika siku yoyote ni kile kinachobaki baada ya uchovu kutolewa katika uwezo. Vitu hivyo viwili havipotei kwa mwendo mmoja. Katika hesabu zinazotokana na maelezo hayo, uchovu hufifia ndani ya wiki moja hadi mbili hivi, ilhali uwezo uliojengwa huchukua takriban wiki sita kufifia kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mtu anayepunguza mazoezi kwa wiki mbili au tatu hupoteza sehemu kubwa ya uchovu wake huku akibaki na karibu uwezo wake wote. Upande wa pili wa hesabu ndio unaosahaulika zaidi: zoezi gumu linalofanywa siku saba kabla ya mbio halipati nafasi ya kuongeza stamina, kwa sababu mwili huhitaji siku nyingi zaidi kujijenga upya, lakini sehemu ya uchovu wake bado hufika na mkimbiaji kwenye mstari wa kuanzia. Mahindi hayaongezi punje kwa kupaliliwa wiki ya mavuno, na miguu nayo haiongezi nguvu kwa kilomita 30 za Jumapili ya mwisho.

Ndani ya mwili mabadiliko ya kipindi hiki ni mengi, ingawa kwa macho hayaonekani. Nyuzi za misuli zilizochanika kwa vipande vidogo sana wakati wa mbio ndefu hupata muda wa kujiunga, na zile zenye uwezo wa kusukuma kwa kasi hurudisha nguvu ambayo wingi wa kilomita ulikuwa umeidhoofisha. Akiba ya glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ini ili uchomwe wakati wa kazi, hujaa kuliko inavyoweza kujaa katika wiki za mazoezi mazito, kwa kuwa sasa kinachoingia kwa chakula hakitumiki chote kesho yake asubuhi. Usingizi hutulia. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika, ambacho wengi hukiona kuwa ndicho kipimo cha ukimbiaji, hakibadiliki sana, na hili ni jambo la kutia moyo, kwa maana linaonyesha kwamba aliyepunguza kilomita kwa utaratibu hajapoteza kile alichokitafuta kwa miezi.

Historia ya riadha inao mfano ambao makocha wameurejea kwa miongo mingi. Emil Zátopek wa Czechoslovakia alisifika kwa mazoezi mazito kupita kiasi, ambayo yalijumuisha kurudia mita 400 mara 40 na zaidi katika siku moja, na mwaka 1950, muda mfupi kabla ya mashindano ya Ulaya mjini Brussels, aliugua kwa kula chakula kibovu akalazwa hospitalini, akatoka zikiwa zimebaki siku chache tu. Wengi wangetarajia ashindwe, lakini alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 12, akimwacha Alain Mimoun wa Ufaransa aliyemfuata kwa sekunde 69, kisha akashinda na mita 5,000 kwa tofauti ya sekunde 23. Ugonjwa haukumpa nguvu yoyote. Ulichofanya ni kumlazimisha kupumzika, jambo ambalo kwa hiari yake asingelikubali, na uwezo uliokuwa umefunikwa na uchovu ukapata nafasi ya kuonekana. Mfano wa Joan Benoit wa Marekani unafanana na huo, kwani mwaka 1984 alifanyiwa upasuaji wa goti siku 17 kabla ya mbio za kuteua timu ya Olimpiki, akazishinda, na miezi michache baadaye akawa mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, mjini Los Angeles, kwa saa 2:24:52.

Mifano ya watu wawili wenye vipaji vya ajabu haitoshi kuwa kanuni, na ndiyo maana tafiti zilizofuata zina thamani kubwa zaidi. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizowahi kufanywa kuhusu wanariadha wa michezo ya kustahimili, wakatenganisha mambo matatu ambayo mkimbiaji wa kawaida huyachanganya: jumla ya kazi, ambayo kwa mkimbiaji ni kilomita za wiki, ukali wa kazi, ambao ni kasi anayokimbia nayo, na idadi ya siku za mazoezi kwa wiki. Waliona kwamba matokeo bora hupatikana pale jumla ya kazi inapopunguzwa kwa asilimia 41 hadi 60 katika muda wa wiki mbili hivi, huku ukali na idadi ya siku vikiachwa karibu kama vilivyokuwa. Hapa ndipo penye kosa la aina ya pili, ambalo ni dogo kwa wanaolifanya lakini lina madhara: mtu anayeambiwa apunguze huamua kukimbia polepole kila siku, au kulala nyumbani wiki nzima, na matokeo yake ni kwamba ujazo wa damu huanza kushuka ndani ya siku chache, miguu husahau kasi ya mashindano, na siku yenyewe mwili huamka ukiwa mzito. Kinachokatwa ni urefu wa mbio; kasi hubaki, ila katika vipande vifupi.

Kwa wakimbiaji wasio wa kulipwa, utafiti unaowahusu moja kwa moja ni ule uliochapishwa mwaka 2021 na Barry Smyth na Aonghus Lawlor wa Ireland, ambao walichunguza kumbukumbu za mazoezi za wakimbiaji zaidi ya 158,000. Waliopunguza kwa nidhamu kwa wiki tatu, yaani kila wiki ikiwa na kilomita pungufu kuliko iliyotangulia, walimaliza mapema kwa dakika 5 na sekunde 32 hivi, sawa na asilimia 2.6, wakilinganishwa na waliopunguza kidogo sana. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kuwa kupunguza peke yake ndiko kulikoleta faida, kwani mtu mwenye nidhamu katika wiki za mwisho huenda alikuwa nayo tangu wiki ya kwanza. Hata hivyo unakubaliana na tafiti za maabara, na unadokeza kwamba huenda mtu mwenye kazi, watoto na safari za daladala anahitaji muda mrefu zaidi wa kutoa uchovu kuliko mwanariadha anayelala mchana.

Asilimia mbili huonekana ndogo hadi inapopimwa na matokeo halisi. Katika Boston Marathon ya mwaka 1988 Juma Ikangaa wa Tanzania alimaliza kwa saa 2:08:44, sekunde moja tu nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, na asilimia mbili ya muda huo ni zaidi ya dakika mbili na nusu. Mjini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha kwa kumpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe, wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48 na wakitenganishwa na sekunde 0.03. Hakuna anayeweza kusema kwamba mbio hizo ziliamuliwa na kilomita fulani za wiki fulani, lakini zinaonyesha bayana ni kitu kidogo kiasi gani kinachomtenganisha bingwa na mshindi wa pili, na kwa mkimbiaji wa saa nne asilimia hizo mbili ni karibu dakika tano, ambazo mara nyingi ndizo tofauti kati ya kukimbia kilomita tano za mwisho na kuzitembea.

Kanuni hizi hueleweka zaidi zinapowekwa katika ratiba. Mkimbiaji ambaye wiki yake nzito zaidi ilikuwa na kilomita 60, huku mbio ndefu ya mwisho ya kilomita 30 au 32 ikifanyika siku 21 kabla ya mashindano, angeweza kukimbia kilomita 48 katika wiki inayofuata, ndani yake kukiwa na mbio moja ya kilomita 20 hadi 22, kisha 36 katika wiki ya pili, yenye mbio ya kilomita 14 hivi, na katika siku sita za mwisho asizidi 15 au 18 zilizogawanywa mara tatu. Siku zake za mazoezi zibaki zilezile katika wiki mbili za kwanza, na siku ya kasi ibaki siku ya kasi, isipokuwa pale alipokuwa akikimbia kilomita 10 kwa mwendo wa mashindano sasa akimbie sita, halafu nne, halafu mbili. Siku moja kabla ya mbio, dakika 20 za kukimbia taratibu zenye vipande vinne vya mita 100 vya kuinua kasi bila kujikamua zinatosha kuiamsha miguu, na anayejisikia vibaya siku hiyo hapotezi kitu akiziacha.

Kinachowazuia wengi kufuata ratiba nyepesi kama hiyo ni kuwaiga mabingwa kwa kuangalia idadi ya kilomita badala ya uwiano. Inajulikana kote kwamba Eliud Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang, amekuwa akikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki kule Kaptagat, na kwamba marehemu Kelvin Kiptum, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:00:35 mjini Chicago Oktoba 2023, alifika hata kilomita 300 katika baadhi ya wiki, kiwango ambacho kocha wake Mnyarwanda Gervais Hakizimana, ambaye alifariki pamoja naye katika ajali ya gari ya Februari 2024, alikiri waziwazi kwamba kilimtia hofu. Mtu wa kilomita 200 akipunguza nusu anabaki na 100, ambazo ni nyingi kuliko wiki nzito kabisa ya karani wa Dodoma au mwalimu wa Kisumu, na huyo karani akiona kwenye simu yake kwamba bingwa amekimbia kilomita 100 katika wiki ya kupumzika, hudhani kwamba 50 zake ni uvivu. Linalofaa kuigwa ni ile nusu, pamoja na saa za usingizi ambazo hazionyeshwi kwenye video.

Tatizo la pili ni kalenda. Katika miji mikubwa ya Tanzania na Kenya ni nadra kupita mwisho wa wiki bila mbio za hisani, fulana na medali, na mtu aliyejiandikisha kwa marathoni ya mwisho wa mwezi hujikuta akishawishiwa na wenzake wa klabu kukimbia nusu marathoni siku 14 au hata saba kabla yake, eti ajipime. Mbio za hisani ni jambo jema ambalo limewatoa maelfu ya watu kwenye viti, lakini nusu marathoni inayokimbiwa kwa ushindani ni kazi nzito yenye kovu la siku nyingi, na anayetaka kuichangia hospitali au shule anaweza kulipa kiingilio, akakimbia kilomita tano na watoto, akarudi nyumbani. Baya zaidi ni deni la mazoezi: mkimbiaji aliyeugua malaria au kubanwa na kazi katika wiki ya nane hujaribu kulilipa deni hilo katika wiki ya kumi na nne, wakati ambapo kilomita alizozikosa haziwezi tena kulipika. Uamuzi wa busara katika hali hiyo ni kupunguza mwendo anaoutarajia siku ya mashindano, au kuhamia mbio za kilomita 21.

Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, inadai uangalifu wa pekee, kwa kuwa nusu ya pili ya njia yake hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka hadi mjini. Mteremko ndio unaoumiza misuli ya mapaja kuliko mlima, kwa sababu wakati wa kushuka msuli hulazimika kujikaza huku ukivutwa urefuke, na kuvutana huko ndiko kunakochana nyuzi na kuleta maumivu ambayo huwa makali zaidi siku ya pili. Msuli uliowahi kupitia maumivu hayo hujikinga kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mazoezi ya kushuka milima yanapaswa kufanywa mapema, wiki nne au tano kabla, na kuachwa kabisa katika siku kumi za mwisho. Wageni wengi huwasili Alhamisi au Ijumaa, na kwa hamu inayoeleweka huelekea kwenye maporomoko ya maji ya Materuni, ambako njia ni ya kupanda na kushuka; maporomoko hayo yapo pia Jumatatu. Moshi katika miezi hiyo ina joto, na mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kulizoea, hivyo anayetoka nyanda za baridi kama Mbeya au Limuru anaweza kuzitumia mbio zake fupi za wiki mbili za mwisho kukimbia jua likiwa limechomoza badala ya alfajiri, akiongeza maji na kupunguza mwendo.

Chakula nacho kina historia yenye mafunzo. Mwaka 1966 watafiti wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wenyewe: kila mmoja alikanyaga pedali ya baiskeli kwa mguu mmoja hadi mguu ukachoka kabisa, huku mwingine ukipumzika, kisha wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu wakiwa wanachukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulihifadhi glaikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Kutokana na ugunduzi huo wakimbiaji wa miaka ya 1970 walijitesa kwa kujinyima wanga siku kadhaa kabla ya kuula kwa wingi, hadi utafiti wa Sherman na wenzake wa mwaka 1981 ulipoonyesha kwamba mateso hayo si ya lazima, kwani kupunguza mazoezi na kuongeza wanga katika siku za mwisho huleta akiba inayokaribia kuwa ileile. Mapendekezo ya sasa ni gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, katika saa 36 hadi 48 za mwisho, na kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 600 hadi 720, kiasi ambacho hakifikiwi kwa sahani moja kubwa ya pilau usiku wa kuamkia mbio. Hufikiwa kwa kula mara nyingi: uji asubuhi, wali au ugali mchana, viazi vitamu, ndizi na chapati katikati, huku maharage, mboga za majani na nyama ya mafuta vikipunguzwa siku ya mwisho ili tumbo liwe tulivu.

Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji, ndiyo sababu mkimbiaji anayepanda mizani Ijumaa huona kilo moja au moja na nusu iliyoongezeka, akaogopa kwamba amenenepa, akatoka kwenda kuichoma barabarani. Kilo hiyo ndiyo chakula na maji yake ya kilomita ya 35. Kwa Waislamu, ambao katika miaka hii ya karibuni Ramadhani imekuwa ikiwaangukia Februari na Machi, ulaji huo wote wa wanga unapaswa kuingia kati ya futari na daku, na kwao upunguzaji unafaa kuwa mkubwa zaidi, mbio zikiwa fupi na karibu na magharibi ili maji yarudi mwilini mapema. Kukimbia marathoni yenyewe ukiwa umefunga, katika joto la Moshi, ni hatari ambayo hakuna kocha mwenye dhamana anayepaswa kuihimiza.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ya moyoni. Mtu aliyezoea kukimbia kila siku anapopunguziwa kazi hujisikia mzito, mkali kwa watu wa nyumbani, na ghafla huanza kusikia maumivu ya goti ambalo halijawahi kumsumbua; hisia hizo ni za kawaida, na mara nyingi hutokana na utulivu unaompa nafasi ya kuusikiliza mwili ambao kwa miezi aliuburuza bila kuuliza. Maumivu ya kweli hutambulika kwa kubaki mahali pamoja na kuongezeka kila anapokimbia, na hayo yanahitaji mtaalamu wa viungo; yale yanayohamahama kutoka goti hadi kisigino yanahitaji subira. Saa iliyokuwa ya mazoezi ihamishiwe kwenye usingizi, ambao ni tiba ya bure inayodharauliwa mno katika miji inayoamka saa kumi alfajiri.

Viongozi wa klabu za jogingi wana uwezo wa kubadilisha mambo haya msimu huuhuu, kwa kuondoa mbio ndefu za pamoja katika wiki mbili zinazotangulia marathoni ambayo wanachama wao wengi wamejiandikisha, na kwa kumsifu hadharani anayepunguza kama wanavyomsifu aliyefikisha kilomita 35. Waandaaji wa mbio, ambao tayari wana namba ya simu ya kila mshiriki na humtumia ujumbe wa kiingilio, wa fulana na wa barabara zitakazofungwa, wamtumie na ujumbe mmoja siku 21 kabla, ukimwambia kwa Kiswahili chepesi akate kilomita, adumishe kasi, ale wanga na alale. Naye msomaji aliyekwisha kujiandikisha achukue kalenda leo, ahesabu wiki tatu kurudi nyuma kutoka siku ya mbio zake, na aziandike sasa hivi kilomita za kila wiki, akiwa bado na akili iliyotulia.